Tuzo ya Ndugu M. Mhina

Mpaka leo hii, mtu wa Handeni akitaka kuninyamazisha barazani hana haja ya kunitukana, ananiuliza tu kwa upole, "Mganga, mtoto hajambo?" nami nakaa chini kama niliyekatwa miguu. Wageni hudhani ninaulizwa habari za nyumbani. Nimekaa na aibu hii miaka mingi, sasa nimezeeka, kwa hiyo wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine hupenda kuongeza chumvi, na mkasa wenyewe umekolea chumvi ya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na mimi nilikuwa mganga wa zahanati ya kijiji kimoja upande wa Sindeni. Nasema mganga kwa kujipa heshima tu, kwa cheti nilikuwa mganga msaidizi, kijana mwenye koti jeupe, baiskeli ya serikali, na maoni makubwa sana juu yake mwenyewe. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa changu, na humo nilikuwa na klorokwini, dawa ya kikohozi, na ile dawa ya zambarau tuliyompaka kila mwenye kidonda, mpaka ukiwaona watoto wa shule kwenye mstari ungedhani wamemwagiwa wino. Cha nyuma kilikuwa cha mkunga wetu, Mama Zaina, mwanamke mfupi, mpole, mzito wa maneno, ambaye alikuwa amewapokea duniani karibu watoto wote wa kijiji kile, wakiwamo wangu wawili.

Jina lake la kwenye makaratasi lilikuwa Mwanahamisi Mhina. Langu ni Mohamedi Mhina. Hatuna undugu (kina Mhina kwetu ni wengi, ukiita jina hilo mnadani wanageuka watu sita na mmoja anakimbia), lakini hayo majina mawili yashikeni vizuri, maana ndiyo yaliyonichinja.

Siku moja katibu kata akaniletea bahasha ya serikali kutoka mkoani. Juu imeandikwa: Ndugu M. Mhina, Zahanati. Nikaifungua pale pale nikiwa nimesimama. Barua ilisema kwamba mkoa umeamua kuwatuza watumishi wa afya waliofanya kazi ya kupigiwa mfano, kwamba kutoka kwenye wilaya yetu nimechaguliwa mimi, Ndugu M. Mhina, na kwamba nifike Korogwe Jumamosi ya wiki inayofuata nikapokee tuzo mbele ya mgeni rasmi. Na mnajua siku zile wote tulikuwa ndugu. Mkubwa wa mkoa ndugu, mkata mkonge ndugu, na mke wangu akinikasirikia naye ananiita ndugu. Kwa hiyo neno hilo halikunishtua hata kidogo.

Kilichonishtua kidogo ni mstari wa nne. Ulisema tuzo hiyo ni "hasa kwa juhudi zako za kuokoa maisha ya akina mama na watoto wachanga." Hapo nikausoma tena. Mama Zaina alikuwa chumba cha nyuma, hatua kumi tu kutoka nilipokuwa, namsikia anasuuza vyombo vyake. Ningeweza kwenda kumwambia, Mama Zaina, hebu njoo tuisome barua hii pamoja. Hatua kumi. Badala yake nikaketi nikaanza kujihoji na kujijibu. Nani anaagiza mafuta ya taa ya chumba cha uzazi? Mimi. Nani anaweka sahihi kwenye daftari la wazazi kila mwisho wa mwezi? Mimi. Basi kwa mujibu wa karatasi wale watoto wote ni wangu. Nikaikunja barua.

Jioni ile nikaisoma kwenye mkutano wa kijiji. Mstari wa nne niliuruka (kwa kubana muda, nilijiambia). Mwenyekiti wetu, Mzee Kilua, mtu aliyependa sherehe kuliko chakula, akasimama akatangaza kwamba heshima hii si ya mganga peke yake, ni ya kijiji kizima, kwa hiyo kijiji kitakwenda Korogwe kunisindikiza, na tukirudi atachinjwa mbuzi. Wanaume wakapiga makofi. Wanawake nao wakapiga vigelegele, ila vilichelewa kidogo na vikaisha mapema. Mimi nikadhani wamechoka na jembe.

Kesho yake barua niliiacha mezani nikaenda kutibu mtu aliyeumwa na nge. Niliporudi, Mama Zaina alikuwa amekaa kwenye benchi langu la wagonjwa.

"Hongera, Mganga," akasema.

"Ahsante, Mama Zaina. Ni kazi yetu sote."

"Suti unayo?"

Nikamwambia ninayo ile ya kijivu ya mikono mifupi, ila imekunjamana. Akasema nimletee, yeye ana pasi ya mkaa. Nikamletea, akainyoosha mpaka mikunjo ya suruali ingeweza kukata nyanya. Wakati ananikabidhi akaniuliza, "Na ukiambiwa useme neno pale mbele, utasema nini?"

"Nitasema nimejitahidi."

"Basi sema," akajibu, akaingia chumbani kwake.

Viatu niliazima kwa mwalimu mkuu. Alikuwa na mguu wa kike yule bwana, vikanibana kuanzia siku ya kuvijaribu, lakini vilikuwa vinang'aa, na mimi kwa wakati ule ningevaa hata sufuria kama inang'aa.

Jumamosi asubuhi likaja lori la ushirika. Walipanda wote waliotosha na wengine ambao hawakutosha, na ngoma mbili, na kinanda cha mdomo cha fundi cherehani. Mimi kwa kuwa ndiye mheshimiwa nikawekwa mbele, katikati ya dereva na Mzee Kilua. Mama Zaina alipanda nyuma, juu ya magunia. Kabla hajapanda alikuja dirishani, amejifunga khanga mpya, akanitazama sana.

"Mganga, huna neno lolote la kuniambia kabla hatujaondoka?"

Nikafikiri. "Shika vizuri," nikamwambia, "barabara ina mashimo."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kupanda.

Basi tukafika Korogwe tumepakwa vumbi jekundu wote isipokuwa mimi, ambaye nilikuwa nimejifunika gazeti. Uwanjani kulikuwa na turubai, meza yenye kitambaa cheupe, kipaza sauti kinachokoroma, na watu wengi kuliko nilivyokuwa nimewahi kuwaona mahali pamoja bila kuwapo mpira. Zawadi zilipangwa mbele ya meza. Kulikuwa na redio, na blanketi, na majembe, na baiskeli mpya kabisa iliyokuwa imelazwa doti ya khanga kwenye usukani. Katibu kata akaninong'oneza kwamba baiskeli ndiyo ya wilaya yetu. Niliitazama, nikaona ni ya kike, haina lile bomba la katikati. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema moyoni, nafuu, Ijumaa nikiwa na kanzu nitapanda bila taabu.

Hotuba zilikuwa nyingi. Kila aliyesimama alisema hatasema mengi. Kisha wakaanza kuita. Aliitwa bwana afya mmoja kutoka upande wa Mazinde, aliyewahimiza watu kuchimba vyoo mpaka wakawa wakimwona kwa mbali wanashika majembe kwa woga. Akaitwa dresa mzee, mfunga vidonda kutoka Bungu, ameteremka milimani na sweta lake zito, anatoka jasho kama mtungi. Wakapewa vyao, wakapigiwa makofi, wakashuka. Kisha msomaji, karani mwembamba mwenye miwani minene ambaye hakuinua macho kwenye karatasi yake tangu asubuhi, akaita, "Ndugu M. Mhina."

Nilikuwa nimeshasimama kabla hajafika kwenye herufi ya mwisho. Ngoma zetu zikalia, kinanda cha mdomo kikalia. Nikatembea na vile viatu vya mwalimu kwa mwendo ambao watu waliuona wa maringo, kumbe ni wa maumivu, nikapanda jukwaani. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye sauti nzuri, akanishika mkono, na msaidizi wake akachukua ile doti ya khanga akanitandazia mabegani. Nikaona anasitasita kidogo, lakini ratiba ni ratiba. Mpiga picha akatuomba tusisogee mpaka aweke sawa mashine yake. Ndipo karani akaanza kusoma sifa zangu, na mimi pale nimeshikwa mkono mbele ya umati wote, khanga begani, ya rangi ya chungwa.

"Ndugu huyu amewatumikia wananchi wake kwa moyo usiochoka."

Nikainua kidevu. Huyo ni mimi.

"Mara nyingi amekwenda kwa miguu vitongoji vya mbali, kwa kuwa hana chombo cha usafiri."

Hapo nikakumbuka baiskeli ya serikali. Lakini ilishawahi kupata pancha mara mbili, nikairuhusu sentensi ipite.

"Akina mama wa kijiji chake wanasema kwamba mikononi mwake hawaogopi."

Nikatazama upande wa wanawake wetu. Walikuwa wametulia kabisa, wote, wananitazama kama mtu anavyotazama sufuria ya maziwa inayokaribia kufurika. Jasho likaanza kunitoka chini ya ile khanga.

"Na wakati wa mafuriko," karani akaendelea, sauti ile ile, kama anasoma bei za mahindi, "mama mmoja ng'ambo ya mto alipopata uchungu wa mapacha na ikakosekana njia ya kumfikia, ndugu huyu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane, aliingia majini akavuka."

Kuna ukimya wa msikitini na kuna ukimya wa aina nyingine. Mgeni rasmi hakuuachia mkono wangu. Alinitazama usoni, macho yakashuka taratibu mpaka kwenye mkanda wangu, yakakaa hapo, yakapanda tena. Nadhani naye alichanganyikiwa tu, alikuwa ameshatoa mikono mingi siku ile. Akainama kidogo, na kwa sauti ya adabu, akaniuliza:

"Ulijifungua salama?"

Sasa, wenzangu, nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikukaa kimya. Sijui. Nilikuwa nimelelewa kwamba mkubwa akikuuliza unajibu. Na siku ile ya mafuriko naikumbuka vizuri mno, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki zahanati nikisema mto haupitiki, na mtoto wa Mama Zaina aliyezaliwa mwezi uliofuata nilimpima uzito mwenyewe. Jibu likatoka lenyewe.

"Salama, ndugu. Wa kike."

Na kile kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma asubuhi nzima, wakati huo kikaamua kufanya kazi.

Kicheko kilianzia kwa watu wa Korogwe mjini, kikaenda kwa wakata mkonge, kikapanda mpaka kwenye viti vya wakubwa. Yule dresa wa Bungu alicheka mpaka akavua sweta. Mpiga picha ndipo akapiga picha yake. Karani akainua macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akanitazama, akaitazama karatasi, akasema kwenye kipaza sauti, "Samahani, hapa imeandikwa Mwanahamisi." Na mimi bado nimesimama, maana mgeni rasmi alikuwa anacheka huku amenishika mkono, na huwezi kumnyang'anya mkubwa mkono wako.

Mama Zaina akaja. Hakuharakisha. Watu walimpisha njia, na wanawake wetu wakapiga vigelegele, na safari hii havikuchelewa wala havikuisha mapema. Alipopanda jukwaani kwanza alinivua ile khanga begani, kwa utaratibu, kama anavyomfunua mtoto, akajitandazia yeye. Mgeni rasmi akampa kipaza sauti aseme neno, na mimi nikafumba macho. Alikuwa na haki ya kunimaliza pale pale, na uwanja wote ulikuwa unangoja animalize.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Huyu ni mkubwa wangu wa kazi. Siku ile ya mto yeye aliishika zahanati, wagonjwa hawakukosa mtu. Naomba msimcheke sana. Jumatatu tuna kazi."

Makofi aliyopigiwa sijawahi kuyasikia tena. Mimi nilishuka kwa nyuma ya jukwaa, nikavua viatu, nikaenda kusimama kando ya lori nikiwa na soksi.

Wakati wa kurudi, Mzee Kilua hakuniambia nikae mbele na mimi sikuuliza. Nilipanda juu ya magunia pamoja na wengine. Ile baiskeli ilikuwa imefungwa kwa kamba, na upande wa pili wa baiskeli alikaa Mama Zaina. Tulishavuka Mto Pangani nikiwa bado natafuta maneno.

"Mama Zaina, nisamehe. Barua ile ilikuwa na herufi moja tu."

"Barua niliisoma," akasema.

"Uliisoma lini?"

"Siku uliyokwenda kwa yule wa nge. Uliiacha mezani. Nasoma polepole, lakini nasoma. Nilifika mstari wa nne nikajua." Akavuta khanga yake juu ya magoti, upepo ulikuwa mwingi. "Nikasema hajaelewa, ataelewa, atakuja. Nikakunyooshea suti nangoja. Asubuhi nikaja pale dirishani. Ukaniambia barabara ina mashimo."

Sikuwa na pa kuangalia. Ukiwa juu ya lori huna pa kwenda.

"Kwa nini hukusema wewe?" nikamuuliza, na hata nilipokuwa naliuliza nilijua ni swali la mtu mpumbavu.

"Niseme nini? Nije nikwambie mkubwa wangu, rudisha heshima yangu?" Akalitazama shamba la mwisho la mkonge likipita. Kisha akasema, "Korogwe nimekufunika. Hapa kwetu sikufuniki. Tukifika utasema mwenyewe."

Tukafika. Waliobaki kijijini walikuwa wamejipanga njiani na matawi mikononi, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya ofisi, na watoto wanaimba wimbo wenye jina langu ndani yake, wameufundishwa wiki nzima na mwalimu mkuu. Lori liliposimama nikasimama juu ya magunia, pekupeku, nikanyoosha mkono wanyamaze. Wakadhani nataka kuhutubia, wakanyamaza vizuri sana.

Nikawaambia. Nikawaambia tuzo haikuwa yangu, ilikuwa ya Mama Zaina tangu ilipoandikwa, na mstari wa nne niliuona na nikauruka, na siku ya mafuriko yeye alivuka na tumbo lake mimi nikakaa na mwavuli. Hii ya mwavuli hakuna aliyeniuliza, ilitoka tu. Nilipomaliza, Bibi Mwajabu, ambaye alikuwa mkongwe kuliko wote na hakuogopa mtu, akasema akiwa amekaa kwenye kigoda chake:

"Sisi wanawake tulijua tangu siku ya mkutano, mjukuu wangu. Hakuna aliyezaa mikononi mwako hapa. Tulipiga vigelegele kwa kumwonea mkeo huruma."

Hapo ndipo kijiji kikacheka, na mbuzi akachinjwa, na wimbo ukaimbwa upya kwa jina la Mwanahamisi, ambalo halikuingia vizuri kwenye mahadhi lakini waliliingiza kwa nguvu. Nilipewa nyama kama kila mtu. Mke wangu hakula. Hakusema na mimi siku tatu, na siku ya nne aliniita ndugu.

Jumatatu nikafika zahanati mapema kuliko siku zote. Mama Zaina akaja anaisukuma baiskeli yake, kwa kuwa hakujua kuipanda. Nikamsalimia, akaitikia. Nikafuta vumbi kwenye benchi ambalo halikuwa na vumbi. Mwishowe akasema kwamba kuna mjamzito kitongoji cha mbali anayekaribia siku zake, na kwamba kama mimi ni mtu wa kujitahidi, nikajitahidi kumfundisha kupanda hicho chombo kabla ya mwisho wa mwezi. Basi kila jioni nilikuwa uwanja wa shule nakimbia nyuma ya baiskeli ya kike, nimeshika tandiko, na kijiji kizima kimekaa kwenye nyasi kinatuangalia. Kuna waliokuja na karanga. Alipomfikia yule mjamzito kwa baiskeli, aliniletea salamu kutoka kwake na kuku mmoja, na huyo kuku ndiye aliyenifanya nilale vizuri kwa mara ya kwanza.

Ile picha ya Korogwe ilitundikwa ofisi ya kijiji miaka mingi, mimi na mgeni rasmi na khanga ya chungwa, mpaka mchwa wakanihurumia.

Na mimi niliapa. Sikuapa kutopokea tuzo, kwa kuwa hakuna aliyenipa nyingine. Niliapa kwamba sitasimama kwa sifa yoyote kabla haijasomwa mpaka mwisho. Siku ya kuniaga kazini, baada ya miaka mingi, waliandaa hafla ndogo, wakaniita mbele kwa majina yangu yote matatu, watu wakapiga makofi, na mimi nikabaki nimekaa kitini. Kijana aliyekuwa anasoma akakwama. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee masikio yamekwisha. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Unaitwa wewe," akaninong'oneza.

Nikamwambia aniache, kijana amalize kwanza ukurasa.